Mama Asiyechoka Katika Vitabu Tunavyofundisha

Kila mwaka wanafunzi wetu wanaporudi kutoka mazoezi ya ualimu huja na mafungu ya insha walizosahihisha, nasi huzipitia ili kuona kama wamejua kusahihisha. Tangu Kiswahili kilipofanywa somo la lazima katika miaka miwili ya mwanzo ya sekondari hapa Uganda, kwa mtaala ulioanza mwaka 2020, mafungu hayo yamezidi kunenepa. Mada isiyokosa humo ni “Mama Yangu”. Na ndani ya mada hiyo kuna sentensi inayojirudia kama kiitikio cha ngoma: mama yangu huamka kabla ya jogoo, hulala baada ya watu wote, wala hachoki. Mwalimu mwanafunzi, kwa kalamu yake nyekundu, huandika pembeni: “Vizuri sana.”

Juu kidogo ya sentensi hiyo, mara nyingi katika aya iyo hiyo, huwa pana nyingine: “Baba yangu ni dereva. Mama yangu hafanyi kazi, ni mama wa nyumbani.” Hapo kalamu nyekundu haigusi kitu, labda iwe mtoto amesahau nukta. Mtu ambaye hafanyi kazi lakini hachoki kwa kazi anazozifanya tangu alfajiri hadi usiku wa manane: ukinzani wa namna hii ungetokea katika insha ya siasa tungeuzungushia duara mara moja.

Tunakiri mapema kwamba sisi wenyewe tumeandika “Vizuri sana” hizo kwa miaka mingi. Hata tulipokuwa tukisomea shahada ya uzamili Dar es Salaam tuliandika kazi ya semina juu ya Utendi wa Mwana Kupona, tukausifu kwa kurasa kumi na tano kuwa ni hazina ya maadili ya mwanamke, tukapata alama za kuridhisha. Kilichotufanya tuirudie kazi ile baada ya miaka yote hiyo si nadharia mpya. Ni mwanafunzi mmoja.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mmoja wa wale wanaosoma nasi wakati wa likizo za shule. Alikuwa na watoto watatu. Mumewe alifanya kazi Juba na alikuja nyumbani mara mbili kwa mwaka. Mama mkwe wake alipooza upande mmoja wa mwili, akaletwa kuishi kwake, kwa kuwa mawifi zake walisema yeye ndiye mke wa kifungua mimba na wao wameolewa kwa watu. Siku moja alikuja ofisini, sura ya pili ya tasnifu yake ikiwa imechelewa kwa miezi minne. Tulitazamia aombe muda. Hakuomba. Alikaa, akaweka mkoba chini, akasema, “Mwalimu, mimi si kwamba nimechoka. Nimeisha.”

Nasi tukamjibu: “Vumilia, dada yangu. Mvumilivu hula mbivu.”

Hakurudi muhula uliofuata. Methali yetu ilikuwa sahihi kisarufi, na kwa mujibu wa vitabu vya kiada ilitumika mahali pake. Tumeifikiria sana tangu siku hiyo, na tumefikia kuamini kwamba ilikuwa ni sentensi ya insha ya “Mama Yangu” tu, safari hii ikitoka kinywani mwa mhadhiri.

Tuanze na lugha yenyewe, maana ndiyo kazi yetu. Yule mwanafunzi alitofautisha vitenzi viwili ambavyo kamusi zetu huviweka mbalimbali. Anayechoka hulala akaamka mzima. Anayeisha ameisha kama sukari katika kopo, na kulala hakuirudishi sukari. Wanasaikolojia wamekuwa wakiitafiti hali hii ya pili tangu Herbert Freudenberger alipoiandikia makala mwaka 1974, baada ya kuiona kwa wahudumu wa kujitolea wa zahanati moja jijini New York, watu waliokuja kwa moyo mkunjufu na kubaki kama majumba yaliyoungua ndani. Christina Maslach akafuatia kwa kubuni namna ya kuipima. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipoieleza katika orodha yake ya magonjwa na hali za kiafya lilitaja mambo matatu: kuishiwa nguvu, kujitenga kimoyo na kazi hata kuichukia, na kujiona hufai tena kwa kazi hiyo. Yule mwalimu wetu, kwa maelezo aliyotupa baadaye kidogo (kabla hatujamkatiza kwa methali), alikuwa nayo yote matatu. La pili ndilo lililomtia aibu zaidi. Alisema anamwosha mama mkwe wake kama anayeosha sufuria.

Lakini shirika hilo liliweka mpaka: hali hii ni ya mahali pa ajira, isitumiwe kuelezea nyanja nyingine za maisha. Kwa kipimo hicho muuguzi wa hospitali anaweza kuisha, mkwe anayemuuguza mgonjwa yuleyule chumbani hawezi. Wataalamu wa Geneva wanasema kwa lugha ya kitaalamu kile ambacho mtoto wa sekondari amekisema kwa Kiswahili chepesi: mama yangu hafanyi kazi.

Wako waliokataa mpaka huo. Isabelle Roskam na Moïra Mikolajczak wa Ubelgiji wamekuwa wakichunguza kuisha kwa wazazi katika malezi yenyewe, na mwaka 2021 wao na wenzao walitoa matokeo yaliyokusanywa kutoka kwa wazazi zaidi ya 17,000 katika nchi 42. Waliona kwamba hali hii imeenea zaidi katika jamii ambazo kila mtu huhesabiwa peke yake kuliko katika jamii za watu wengi pamoja. Mwenzetu mmoja hapa idarani alipoisikia habari hiyo alifurahi, akasema, “Basi hayo ni maradhi ya Wazungu.” Nusu ya kauli yake tunaikubali. Mkono mmoja haulei mwana, wahenga walikwisha kusema kabla ya watafiti, na penye bibi, shangazi na jirani mzigo hugawanyika. Nusu ya pili ndiyo inayotutia shaka. Hojaji humtaka mama aseme juu ya nafsi yake neno ambalo insha, mashairi, hotuba za harusi na walimu wake wa Kiswahili wamemfundisha asilitamke. Akijibu “sijachoka”, tumepima nini hasa: nguvu zake au malezi yake?

Turudi kwenye vitenzi. “Kuchoka” ni kitenzi kisicho na mtenda. Mama amechoka, basi; hakuna anayeulizwa. Lakini lugha yetu, kwa utajiri wake wa minyambuliko, ina “kuchosha” na “kuchoshwa”, na hicho cha mwisho hakitulii mpaka kipate kihusishi chake: mama amechoshwa na nini, na nani? Tumepekua madaftari ya insha ya miaka mitatu tukitafuta “mama amechoshwa na”. Hatukupata hata moja. Tulipata “baba humsaidia mama kazi za nyumbani” mara nyingi, na hapo napo pana la kutazama, kwa sababu “kusaidia” hutaja mwenye kazi. Baba akiosha vyombo amemsaidia mama. Mama akiosha vyombo hakumsaidia mtu. Ajabu ni kwamba Kiswahili hakitulazimishi kusema hivi. Majina “mzazi” na “mlezi” hayana jinsia hata chembe, na ngeli zetu hazitenganishi mume na mke. Tofauti hiyo tumeileta wenyewe kutoka nje ya sarufi.

Mfano mwingine ni wa msamiati. Waulize wanafunzi wako maana ya “mjane”, mikono yote itainuka. Waulize jina la mwanamume aliyefiwa na mkewe. Katika darasa letu la watu arobaini na wawili alijua mmoja tu, naye ni kwa sababu babaye ni mwenyeji wa Mombasa: ni mgane. Neno lipo, limo kamusini, lakini halina kazi, maana mwanamume aliyefiwa huhesabiwa kuwa anasubiri kuoa. Nani atalea watoto katika kusubiri huko? Shaaban Robert alifiwa na mkewe Amina, akamwandikia shairi la maombolezo ambalo kila mwanafunzi wetu analijua; na katika Maisha Yangu tunazikuta tenzi mbili za wosia, Hati kwa bintiye na Adili kwa mwanawe wa kiume. Tunazifundisha tenzi hizo kama kazi za mshairi mkuu, na ni haki. Kamwe hatujazifundisha kama kazi za mgane mwenye watoto wa kulea. Tulipowaambia wanafunzi wazisome hivyo, mmoja aliuliza kwa mshangao kwa nini baba mmoja aandike nyaraka mbili mbalimbali kwa watoto wawili wa nyumba moja. Ni swali la kutosha tasnifu nzima, na tunaomba mtu alichukue.

Sasa tuingie katika matini ambayo sisi binafsi tuna deni nayo. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate aliutunga utendi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siu. Anamwita bintiye Mwana Hashima akae karibu na kalamu na karatasi, amwachie wosia. Beti ni mia moja na ushei. Zimo za kumcha Mungu, za adabu ya ulimi na za kukaa na watu, lakini zinazokumbukwa darasani ni za mume. Mume alalapo asiamshwe wala pasipaazwe sauti. Mke asimwache peke yake. Aamkapo chakula kisichelewe. Mwili wake ukandwe na kutiwa manukato. Kwa ufupi atunzwe mfano wa mtoto ambaye hajajua kusema. Na radhi yake ndiyo mlango wa pepo siku ya kiyama.

Wahakiki wengi, nasi tukiwamo zamani hizo, husimama kwenye neno “utii”. Leo tunadhani neno la kusimamia ni “mtoto”. Mwana Kupona hamwambii bintiye awe mtumishi wa mume. Anamwambia awe mlezi wake. Kuna werevu hapa, na Ann Biersteker katika makala yake ya mwaka 1991 alikwisha kutuhimiza tuutazame upya utendi huu kwa kuzingatia lugha na mamlaka, tusiuchukue kijuujuu. Mwanamke mgonjwa, anayejua kuwa bintiye atabaki katika dunia ambayo uamuzi wote uko kwa mume, anamfundisha namna ya kuishi na mwenye nguvu kwa kumwona mchanga. Hilo tunalikubali. Lakini werevu huo una gharama yake. Mtoto asiyejua kusema kesho atasema, keshokutwa atajilisha, na mlezi atapata kupumua. Mtoto wa utendi huu hakui. Ulezi usio na siku ya mtoto kukua ndio hasa ule unaowamaliza watu, na yule mwanafunzi wetu na mama mkwe wake aliyepooza angeweza kuwaeleza wasomaji jambo hilo vizuri kuliko sisi.

Kuna jambo jingine ambalo kurasa zetu kumi na tano hazikuligusa kabisa, na ndilo linalotuonea aibu zaidi. Nyumba ile ilikuwa na watumwa. Utendi wenyewe unawataja, tena kwa kumwonya binti asichanganyike nao isipokuwa wakati wa kazi. Maji ya nyumba ile yalichotwa na nani? Nafaka ilitwangwa na nani? Si vigumu kukisia kwamba sehemu kubwa ya jasho la nyumba haikuwa ya Mwana Hashima, na kwamba nafasi ya kumpepea mume mchana kutwa ilipatikana kwa sababu mikono mingine, isiyotungiwa utendi, ilikuwa jikoni. Sisi tumeuchukua wosia tukauacha muktadha wake. Tunamkabidhi msichana anayeishi na mumewe katika vyumba viwili vya kupanga kule Kireka, anayetoka kazini saa kumi na moja jioni, tukimwambia haya ndiyo maadili ya bibi zako. Wosia ameurithi, nyumba hakuirithi.

Au tuseme ameirithi kwa sura nyingine. Wengi wetu tulio na mishahara tunaweza kusimama darasani saa mbili asubuhi kwa sababu nyumbani tumemwacha hausigeli, msichana wa miaka kumi na kitu kutoka kijijini, ambaye humbeba mtoto wetu, hupika, hufua, na hulala baada yetu sote. Tunaposema “familia za Kiafrika bado zina mikono mingi” tuhesabu na mkono huo, na tuulize kama nao una ruhusa ya kuisha. Fasihi ya Kiswahili inamtaja mara nyingi kama windo la baba mwenye nyumba. Kama mtu aliyechoka ni nadra sana kumwona.

Huko pwani si kwetu, atasema msomaji wa Gulu au Mbale. Basi tumsikilize Lawino. Utungo wa Okot p'Bitek uliotoka kwa Kiingereza mwaka 1966 tunao kwa Kiswahili tangu 1975, kwa tafsiri ya Paul Sozigwa, Wimbo wa Lawino. Nakala za zamani za tafsiri hiyo zimechakaa, lakini zapatikana kwa wenye subira. Mara nyingi tunaufundisha kama ugomvi wa utamaduni wa kale na wa kigeni, Lawino upande huu, Ocol na Klementina upande ule. Kuna sehemu ambayo Lawino anazungumzia saa ya ukutani. Mumewe anataka kila kitu kiwe na wakati wake, naye anashangaa: mtoto hula anapolia, hulala usingizi unapomjia. Wahakiki husema hapo Lawino anatetea wakati wa Kiafrika. Sawa. Lakini tumtazame anayesema. Ni mtu ambaye kazi yake haina kengele ya kutoka. Ocol anaweza kuwa na saa kwa sababu Lawino hana. Yeye mwenyewe anajivunia hali hiyo, na Okot, aliyekuwa hodari wa kusikia sauti za kike, hakumpa nafasi ya kuitilia shaka. Tunaupenda utungo huu, na huo ndio udhaifu wake tunaouona: Lawino anamchoka Ocol kwa kurasa nyingi lakini hachoki kazi.

Aliyemruhusu mwanamke aonekane amelemewa jukwaani ni Penina Muhando. Katika Nguzo Mama ya mwaka 1982 wanawake wa kijiji cha Patata, Bi Moja, Bi Pili hadi Bi Nane, wanajaribu kuisimamisha nguzo, nayo haisimami. Kila muhula tunasahihisha majibu yanayosema wameshindwa kwa sababu “wanawake hawapendani”. Jibu hili limeenea mno katika vitabu vya mwongozo, na sisi tunaliona ni la uvivu. Wanawake wale hawakuja kwenye nguzo wakiwa na mikono mitupu. Kila mmoja amekuja na nyumba yake mgongoni, na nyumba hiyo inamwita arudi kabla kamba haijakazwa. Kuwalaumu kwa kutopendana ni kumwambia yule mwalimu wetu kwamba sura ya pili imechelewa kwa uzembe. Hatusemi ugomvi haumo katika tamthilia; umo, tena mkali. Tunasema watu walioishiwa hugombana.

Na baba je? Tungekuwa waongo tukidai uzito huu ni wa upande mmoja. Insha ya “Baba Yangu” nayo ina kiitikio chake: baba hutulipia karo, hutununulia viatu, hutuletea mkate. Baba huelezwa kwa alivyovileta. Mwaka 2020, mabasi, bodaboda za abiria na uuzaji wa bidhaa zisizo chakula masokoni vilipozuiwa kwa ajili ya korona, mababa wengi hawakuleta kitu, na kwa mantiki ya insha walikoma kuwa mababa ingawa walikuwa nyumbani mchana kutwa, karibu na watoto kuliko wakati mwingine wowote. Nafasi ya kulea ilikuwa mbele yao, lakini lugha haikuwa na jina zuri la mwanamume anayelea. Ina majina mabaya ya kutosha. Mwanamume akimwogesha mtoto uani husemwa “amekaliwa”. Huko pwani husemwa amelishwa limbwata, yaani dawa ya mke ya kumtia mume ubwege. Mwanafunzi wetu mmoja wa kiume alimpeleka mwanawe wa miezi tisa kupata chanjo, akampitisha chuoni mgongoni kwa khanga. Alichekwa toka geti hadi maktaba, na waliocheka zaidi walikuwa wasichana. Aliporudi kesho yake alikuja peke yake.

Sheria nayo imesema lake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 hapa Uganda ilimpa mama aliyejifungua siku 60 za kazi za mapumziko yenye malipo, na baba siku 4. Mtu akizisoma tarakimu hizo kama matini, kwa jicho lile lile tunalosomea shairi, ataona kwamba siku ya tano mtoto amekwisha kuwa wa mama. Baba amerudi kazini, na mama, ambaye sheria ilidhani imempumzisha, ameanza kazi isiyo na kengele ya kutoka. Wote wawili wamefungwa na matarajio yale yale, kila mmoja kwa kamba yake: huyu haruhusiwi kuiacha kazi ya kulea, na yule haruhusiwi kuigusa. Yule anayekesha na mtoto huisha upesi zaidi, na hilo tusilifiche kwa kutafuta usawa wa maneno.

Katika kipindi kile kile shule zetu zilifungwa, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Vitini vya kujisomea viligawiwa majumbani, bila kutajwa nani nyumbani angekaa na mtoto kuvisoma. Hapa idarani tulifanya mikutano kwa intaneti. Wenzetu wa kike walikuwa wakiomba radhi kila mara: mtoto analia, mtoto amevuta waya, samahanini. Wenzetu wa kiume nao wana watoto, wengine watano. Hatukuwahi kuwasikia watoto hao hata siku moja. Tulidhani wakati ule kwamba wenzetu wa kiume wamejipanga vizuri zaidi, na mwenyekiti wa kikao kimoja alilisema hilo kwa sauti.

Kwa walimu wenzetu, basi, hatuna pendekezo kubwa. Hatutaki Utendi wa Mwana Kupona uondolewe. Tungekuwa tumewanyima wanafunzi mojawapo ya sauti za kike za kale zaidi tulizo nazo. Hatutaki pia mtoto wa sekondari akatazwe kumsifu mamaye. Tulichobadilisha ni maswali. Kwa miaka mingi tumeuliza: “Fafanua mafunzo ambayo mwanamke wa leo anaweza kuyapata katika utendi huu.” Swali hilo lina jibu lake tumboni. Safari hii katika darasa la mwaka wa pili tulisema: “Taja kila kazi ambayo utendi unamtaka mke aifanye, uipangie saa yake katika siku moja, kisha eleza ni nani mwingine anayefanya kazi katika nyumba hiyo.”

Wanafunzi waligawanyika makundi manne, wakachora ratiba ubaoni kuanzia swala ya alfajiri. Kundi la kwanza lilijaza hadi adhuhuri likiwa na furaha, wavulana wakitania kwamba hatimaye wamepata kitabu kizuri. Kundi la tatu likakosa nafasi baada ya magharibi, likaanza kuandika kwa herufi ndogo pembeni. Kundi la nne lilikuja na safu nzima ya kazi zilizoandikwa “mtumwa”, na hapo utani ukapungua. Kisha msichana mmoja aliyekaa nyuma, ambaye tunajua ana mtoto mchanga anayelelewa na mamake Masindi, aliinua mkono. Aliitazama ratiba kutoka juu hadi chini, akauliza, “Mwalimu, na mtoto ananyonya saa ngapi?”

Tulitafuta ubaoni pamoja naye. Kengele ililia tungali tunatafuta. Wenzetu watakaolijaribu swali hili katika vyuo vyao tunaomba watuletee ratiba zao, hata kama zimeandikwa kwa mkono, tuzichapishe katika toleo lijalo.